Umeme unaosafisha moshi wa viwanda: unavyofanya kazi, na mambo ya kuuliza ukiishi karibu na dohani

Fundi Rektifaya (Tororo)

Salaam wakuu. Kwenye uzi wa bei ya saruji watu wamebishana sana kuhusu moshi. Mmoja anasema "waweke filta tu", mwingine anasema filta zipo ila ni pambo. Mimi ni fundi umeme, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye mitambo ya volti kubwa inayochuja vumbi la tanuri. Naomba tulijadili hili kwa kirefu, maana Waganda wengi wanaishi karibu na dohani bila kujua nyuma yake kuna nini, na asiyejua hilo hujibiwa lolote akanyamaza.

Kabla moshi wa tanuri la saruji haujafika kwenye dohani, unapitishwa ndani ya jumba la chuma. Humo yamening'inizwa mabamba marefu, safu kwa safu, na kati ya bamba na bamba kuna nafasi ya kama sentimita 30 hadi 40. Katikati ya kila njia zinashuka nyaya au fito zenye miiba. Mabamba yameungwa na athi, yaani waya unaoingia ardhini. Nyaya zinalishwa umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, na hapa ni upande wa hasi, kuanzia kama kilovolti 40 hadi kukaribia 100. Soketi ya nyumbani kwako ina volti 240, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Kwa volti hiyo hewa iliyo jirani na mwiba inasalimu amri. Elektroni zinang'oka, zinagonga molekuli na kung'oa elektroni nyingine, na gizani utaona mng'ao wa buluu kwenye ncha. Mafundi tunauita korona, na tuliuita hivyo kabla ya ule ugonjwa. Ni umeme unaoruka hewani bila kufika upande wa pili. Ukifika, hiyo ni cheche, na kwa sekunde hiyo volti inaanguka na kazi inasimama. Elektroni zilizotoka zinanaswa na oksijeni na molekuli nyingine, zinakuwa ayoni hasi, yaani molekuli zilizobeba chaji, ayoni zinatua juu ya chembe za vumbi, na chembe zenye chaji zinavutwa hadi kwenye bamba. Waliokuwa na runinga za zamani za kioo kinene wanakumbuka vumbi lilivyokuwa likigandia pale. Nguvu ni hiyo hiyo. Moshi wenyewe unapita taratibu, karibu mita 1 kwa sekunde, ili chembe zipate muda wa kufika. Kila baada ya muda nyundo zinagonga mabamba, vumbi linaporomoka kwenye hopa, yaani tangi la chini lenye umbo la faneli, na kurudishwa kwenye mtambo. Mafundi wengi wanakiita kifaa hiki isipii. Mimi nitasema kichujio cha umeme.

Teknolojia hii ni ya zamani. Miaka ya 1880 Mwingereza Oliver Lodge aliijaribu kwenye kiwanda cha kuyeyusha risasi huko Wales ikashindwa, kwa sababu mashine za umeme za wakati ule hazikuweza kutoa volti kubwa kwa uhakika. Frederick Cottrell wa California alifanikiwa mwaka 1907 akianza na ukungu wa asidi ya salfa, kwa kuwa yeye alikuwa na transfoma na njia ya kugeuza umeme kuwa wa DC. Kilichowasukuma wenye viwanda kununua mtambo wake ni kesi za wakulima waliokuwa wakiharibiwa mazao na moshi. Nataka hilo likae akilini mwa kila anayesoma hapa: kifaa kilifika sokoni kwa sababu jirani wa kiwanda alikwenda mahakamani.

Nitarudi na sehemu ya pili jioni.

Mama Njeru

Asante sana Fundi, leo nimeelewa kitu. Mimi niko Njeru. Kiwanda sitakitaja, lakini nikisahau nguo kwenye kamba usiku, asubuhi nakuta unga wa kahawia umeingia hadi kwenye mishono, na ukisugua unaacha alama kama kutu. Mchana dohani ni safi kabisa, huwezi kuona hata uzi wa moshi. Wajukuu wanakohoa. Watu wanasema filta inazimwa usiku ili kuokoa umeme. Ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Mkemia Wandegeya

Fundi, uzi mzuri, ila umegusa vumbi tu. Kichujio chako hakigusi gesi. Oksidi za nitrojeni na dioksidi ya salfa zinapita katikati ya mabamba kama hakuna kitu. Siku hizi kuna njia ya plazima baridi: unatumia mruko wa umeme wa mipigo mifupi sana, ya nanosekunde, elektroni zinapata nguvu lakini gesi yenyewe inabaki na joto lake. Elektroni zinavunja oksijeni na mvuke wa maji, zinazaliwa chembe zenye hamu kali ya kuungana na chochote, na uchafu unaungua bila moto. Uganda tuna umeme wa maji, bwawa la Karuma peke yake ni megawati 600. Kwa nini tusiruke moja kwa moja huko?

Fundi Rektifaya

Nianze na Mama Njeru kwa heshima.

Mama, unga wa kahawia wenye rangi ya kutu kwa kawaida ni oksidi ya chuma, unatoka kwenye tanuri za kuyeyusha vyuma chakavu. Uwe mweupe kama unga wa muhogo, mara nyingi ni zinki kutoka mabati ya zamani. Kusanya kidogo kwenye karatasi nyeupe, upitishe sumaku chini yake. Fanya vivyo hivyo kwa udongo mkavu wa uani kwako, maana udongo wetu mwekundu nao una chuma, kisha ulinganishe. Ukiona unga wa kwenye kamba unakimbilia sumaku na udongo umetulia, umepata ushahidi wa kuanzia.

Kuhusu kuzima: viwanda vingi vya chuma chakavu vinatumia vichujio vya mifuko ya kitambaa, na mla umeme mkubwa pale ni feni inayovuta moshi kuupitisha kwenye kitambaa. Mtu akitaka kubana matumizi, feni ndiyo inayomshawishi. Kichujio cha umeme chenyewe kinakula kidogo, kwa sababu nguvu inawekwa kwenye chembe badala ya kusukuma hewa yote, na moshi unapita njia pana bila kizuizi. Lakini kuna jambo jingine lisilo hila ya mtu: usiku hewa ya chini inapoa na kutulia, moshi hauinuki, unashuka na kulala juu ya nyumba. Kwa hiyo unga kuonekana asubuhi peke yake hakuthibitishi kwamba mtambo ulizimwa. Kinachothibitisha ni rekodi za mtambo, na nitazieleza.

Sasa sehemu ya pili niliyoahidi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kichujio kikubwa kimegawanywa vyumba vinavyofuatana, tunaviita fildi, kila kimoja na transfoma yake. Tuseme ziko fildi tatu na kila moja inashika asilimia 90 ya kinachoingia. Ikiingia kilo 100 ya vumbi, baada ya ya kwanza zinabaki 10, baada ya pili 1, baada ya tatu gramu 100. Fildi moja ikifa, kwa dohani inatoka kilo 1. Mara kumi! Na ukiwa barabarani huoni tofauti yoyote, kwa sababu hata hiyo kilo 1 ni kidogo kwa macho. Meneja anaweza kusema "kichujio kinafanya kazi kwa asilimia 99" na asiwe ameongopa.

Jambo la pili ni tamaa ya uzalishaji. Kichujio kilichopimwa kushika asilimia 99 ya vumbi kwa kiasi fulani cha moshi, ukikiongezea moshi kwa robo tu bila kuongeza mabamba, vumbi linalotoka halipandi kwa robo. Linapanda karibu mara tatu. Ukilazimisha moshi mara mbili, linapanda mara ishirini. Hesabu hiyo ilishaandikwa tangu 1922 na Mjerumani Deutsch, na inafanya kazi vizuri kwa makadirio. Kwa hiyo kila mnaposikia kiwanda kimepanua uzalishaji, swali la kwanza liwe: na mabamba je?

Mkemia, wewe nitakujibu kesho, swali lako linataka utulivu.

Afande Mstaafu (Masindi)

Fundi shikamoo. Huku kwetu ni miwa. Boila zinachoma mabaki ya miwa, na msimu wa kusaga majivu meusi membamba yanaanguka mpaka kwenye sufuria ya chai. Hayo nayo yanashikwa na huo umeme?

Fundi Rektifaya

Marahaba Afande. Yanashikwa, ila kwa shida zaidi. Ule weusi ni kaboni ambayo haikuungua vizuri, na kaboni inapitisha umeme. Ikigusa bamba inapoteza chaji yake papo hapo na kurushwa tena kwenye moshi. Vumbi la saruji lina tabia ya kinyume: likiwa kavu sana halipitishi umeme kabisa, linajaa kwenye bamba kama blanketi, umeme unapasua ndani yake na kutoa chaji ya upande wa pili inayoharibu kazi yote. Ndiyo maana moshi wa saruji hunyunyiziwa maji kwanza. Kwa mabaki ya miwa kuna hatari ya ziada: vipande visivyoungua vikijaa kwenye hopa vinaweza kushika moto humo ndani. Kwa sababu hizo boila nyingi za sukari zinaosha moshi kwa maji. Hapo swali lako Afande linageuka: maji hayo meusi yanatuama wapi, na yanatoka kwenda mto gani?

Dada wa Malaba

Nina swali la kijinga jamani. Kuna siku dohani inatoa wingu zito ghafla, dakika chache, halafu inakuwa safi kama vile hakuna kilichotokea. Ni nini kile?

Fundi Rektifaya

Dada, hilo ni swali la fundi hasa.

Ndani ya kichujio cheche hazikosekani. Tanuri likichoma vibaya linatoa monoksidi ya kaboni, ile gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Ikiwa nyingi na oksijeni ipo, cheche moja inatosha kulipua jumba zima. Kwa hiyo kuna kipimo kinachonusa gesi hiyo, na ikivuka kiwango kilichowekwa, umeme wa kichujio unakatwa wenyewe. Feni haisimami. Dakika zile vumbi lote linapita bure kwenda dohani, na nyinyi mnaona wingu.

Ukatikaji huo ni wa kulinda maisha ya wafanyakazi na hakuna anayepaswa kuufunga. Nimeona mahali fulani watu wakifikiria kupandisha kiwango ili kichujio kisikatike mara kwa mara, na huo ni uwendawazimu. Dawa iko kwenye moto. Kwetu matanuri yanalishwa pia maganda ya kahawa na ya mpunga, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa sababu linapunguza makaa ya kuagiza nje. Lakini maganda yakiwa yamelowa mvua, au yakiingia kwa mafungu badala ya mtiririko ulio sawa, moto unakosa hewa kwa sekunde kadhaa, gesi inapanda, kichujio kinakatika. Ghala lenye paa zuri na mzani wa kulisha unaofanya kazi vinaweza kusafisha hewa ya Malaba kuliko transfoma mpya.

Kuna na hili la umeme wa gridi. Ukikatika, tanuri linasimama. Ukirudi, tanuri linapashwa moto polepole kwa saa nyingi, na muda huo kichujio huwa hakiwashwi mpaka joto lipande na gesi itulie, la sivyo mabamba yanalowa, vumbi linaganda, au mnapata mlipuko. Mnapokaa gizani nyumbani, huenda kiwandani nako zimezaliwa saa chafu. Kwa hiyo ubora wa gridi na ubora wa hewa ni kesi moja, ingawa zinajadiliwa kwenye ofisi tofauti.

Mkemia Wandegeya

Fundi unanikwepa. Plazima.

Fundi Rektifaya

Sikukwepi ndugu yangu. Umeeleza kemia vizuri, sasa tuifuate hadi mwisho wake.

Kuvunja molekuli ya oksijeni kunataka elektronivolti 5 hivi (ni kipimo cha nishati ya elektroni moja). Kuvunja ya nitrojeni kunataka karibu 10. Kwenye moshi wenye oksijeni, mruko wa umeme unakwenda kwenye kilicho rahisi, kwa hiyo oksidi ya nitrojeni mara nyingi haigeuki kuwa nitrojeni safi. Inaongezewa oksijeni, inakuwa dioksidi, kisha asidi. Asidi hiyo lazima uinase kwa amonia au chokaa. Ukisahau hatua hiyo umebadilisha sumu moja kwa nyingine, na pengine umeongeza ozoni, gesi kali ya oksijeni, juu yake. Hakuna muujiza wa uchafu kutoweka.

Inafanyika? Ndiyo. Huko Poland, mjini Szczecin, kituo cha Pomorzany kilijengewa mtambo wa binamu yake plazima: badala ya mruko wa umeme walitumia mashine zinazorusha elektroni kwa kasi, wakaongeza amonia, na zao lake likawa mbolea ya salfa na nitrati. Ulisafisha mita za ujazo 270,000 za moshi kwa saa, na mashine hizo nne kwa jumla zilikuwa na uwezo wa zaidi ya megawati 1. Gawanya mwenyewe: karibu saa-wati 4 kwa kila mita ya ujazo. Kichujio cha vumbi kinakula sehemu ndogo tu ya hiyo. Kituo kinachochoma makaa yenye salfa nyingi kina sababu ya kulipa. Sisi umeme wetu mwingi unatoka Mto Nile, hatuna milima ya salfa ya kusafisha. Mtu akija hapa na jina zuri la plazima wakati fildi mbili kati ya tatu za kichujio cha kawaida zimekufa, mwambieni aanze na fildi.

Mkemia Wandegeya

Nimekubali kuhusu tanuri. Lakini kuna sehemu moja sikuachii: harufu. Viwanda vya minofu ya sangara kando ya ziwa, viwanda vya ngozi Jinja. Kule gesi mbaya ni kidogo sana ndani ya hewa nyingi, kuichoma kwa moto ni kupasha joto hewa tupu. Mruko wa umeme kupitia kioo, ule alioubuni Siemens mwaka 1857 kutengeneza ozoni, unafaa hapo. Unaweka kioo kati ya vyuma viwili, umeme wa AC, ule unaogeuka mwelekeo kama wa nyumbani, unaruka kwa nyuzi ndogo ndogo maelfu, kioo kinazuia cheche kubwa. Salfidi ya hidrojeni, ile ya harufu ya yai viza, na amini, gesi zenye harufu ya samaki, zinavunjika haraka. Baada yake unaweka kitanda cha kaboni cha kumalizia ozoni iliyobaki.

Fundi Rektifaya

Hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Hewa ya kiasi kidogo, gesi chache, mtambo mdogo unaoweza kutengenezwa hata kwenye karakana zetu, na vijana wa vyuo wakajifunza volti kubwa kwa vitendo. Tahadhari ni unyevu: hewa ya kiwanda cha samaki imelowa, na kioo kikilowa umeme unatambaa juu yake badala ya kuruka. Na pimeni kinachotoka, msitegemee pua. Harufu inaweza kuisha na formaldehaidi, gesi yenye sumu, ikabaki.

Bodaboda wa Bwaise

Wazee wangu, mnasema viwanda, lakini sisi huku Kampala tunakula vumbi la barabara, moshi wa magari, mkaa na takataka zinazochomwa. AirQo, watafiti wa hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, walifunga vipimo hadi kwenye pikipiki zetu. Huo umeme wenu utafungwa kwenye egzosti ya boda?

Fundi Rektifaya

Ssebo, uko sahihi, hewa ya Kampala haitasafishwa na kichujio cha dohani. Kwenye boda hapana: injini ndogo, mtikisiko, volti kubwa karibu na petroli. Pale dawa ni injini nzima na mafuta safi, na ndiyo maana mwaka 2018 waliweka kikomo cha miaka 15 kwa magari yanayoingizwa nchini. Mimi nasemea watu ambao dohani iko nyuma ya choo chao. Kwao wastani wa jiji hauna maana.

Mama Njeru

Fundi, nimefanya ile ya sumaku. Unga wa kwenye kamba unatembea, udongo wa uani umebaki pale pale. Sasa niende na karatasi yangu wapi? Na nikifika nisemeje?

Fundi Rektifaya

Mama, pole na hongera. Itunze karatasi hiyo ndani ya bahasha, andika tarehe na saa uliyoanua nguo.

Nenda kwa ofisa wa mazingira wa wilaya au wa manispaa, na nakala ipelekwe NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Ibara ya 39 ya Katiba inakupa haki ya mazingira safi, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inakuruhusu kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Omba ripoti za ukaguzi wa kiwanda hicho walizonazo. Msiende na neno "moshi" peke yake. Mtajibiwa "filta ipo", na kweli ipo.

Kama ni kichujio cha umeme, ombeni rekodi ya kilovolti na miliampea ya kila fildi, saa kwa saa, mchana na usiku. Fundi yeyote atawasomea. Miliampea nyingi na kilovolti karibu sifuri: waya umekatika na kugusa bamba, au hopa imejaa mpaka juu. Kilovolti juu na miliampea karibu hakuna: miiba imefunikwa na vumbi, haitoi korona. Vyote sifuri: imezimwa, na lazima kuwe na sababu iliyoandikwa pembeni. Ombeni pia idadi ya mara kilipokatika kwa ajili ya gesi, na kila mara kilikaa dakika ngapi.

Kwa wa kwenu nadhani ni mifuko, kwa hiyo ombeni ampea za mota ya feni na tofauti ya shinikizo kabla na baada ya mifuko. Feni ikizimwa ampea zinaanguka na saa inabaki imeandikwa. Shinikizo likishuka ghafla huku feni inazunguka, mifuko imetoboka. Linganisheni saa hizo na tarehe za kwenye bahasha zenu. Usiende peke yako Mama, tafuta majirani wengine wenye kamba za nguo upande ule ule wa upepo, kila mmoja na karatasi yake.

Dada wa Malaba

Mama Njeru, nina shemeji anayekaa mtaa wa pili kutoka stendi ya Njeru, naye analalamika hivyo hivyo. Nakutumia ujumbe faragha nimuunganishe nawe.

Afande Mstaafu (Masindi)

Na mimi naanza na maji meusi. Fundi, nitarudi hapa na picha za bwawa la kutuamishia.